Bisibisi Sikioni: Ukimya wa Rolls-Royce

Aliyenifundisha kazi ya umeme alikuwa na mita nzuri ya kupimia, lakini mteja akileta mota inayolalamika, kitu cha kwanza alichokishika kilikuwa bisibisi ndefu. Ncha aliigusisha pale beringi ilipokaa, kishikio akakikandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Mota ikizunguka, chuma kilimsimulia: hapa grisi imekauka, hapa shafti imepinda kidogo, hapa rota, ile sehemu inayozunguka, inajikuna kwenye stata, ile iliyosimama. Niliponyooshewa bisibisi ile mara ya kwanza nilisikia ngurumo tu. Nilihitaji miaka kujua kwamba ndani ya ngurumo moja mna sauti kumi, na kila sauti ina jina la ugonjwa wake.

Naanza na bisibisi kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwa Rolls-Royce. Watu wengi huingia kwa mlango wa mbele: sanamu ya mwanamke anayeinama juu ya rejeta, grili iliyosimama kama nguzo za hekalu, ngozi, mbao, wafalme waliokaa kiti cha nyuma. Mimi niliingia kwa mlango wa fundi. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuangalia Silver Shadow ya mwaka 1974 ambayo kioo chake cha nyuma kilipanda kwa kusuasua. Mwenye gari, mzee aliyekuwa nalo kwa zaidi ya miaka 30, aliniletea kigoda cha kukalia akaniambia, "Fundi, fanya taratibu. Gari hili halina haraka."

Nikalegeza skrubu na kubandua pambo la ndani la mlango. Nimefungua milango mingi ya magari, na najua kinachonisubiri huko nyuma: waya zilizorundikwa, ncha zilizokatwa ovyo, mabaki ya gundi. Magari mengi ni kama nyumba inayofagiliwa sebuleni tu. Mle ndani nilikuta waya zimelazwa sambamba, zimefungwa pamoja kwa nafasi iliyo sawa kutoka kifungo hadi kifungo, na kila waya ulipopenya kwenye bati palikuwa na mpira wa kuuzuia usikwaruzike. Hapakuwa na waya hata mmoja uliokuwa ukicheza. Aliyeifanya kazi ile alijua kwamba pambo likishafungwa, huenda asitokee mtu wa kuiona kwa nusu karne. Nilijihisi kama mtu aliyeandikiwa barua kabla hajazaliwa, nayo imemfikia.

Kilichoharibika chenyewe kilikuwa kidogo: kaboni za mota ya kioo, yaani brashi zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimelika hadi mwisho. Nitarudi kwa mzee yule. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kuhusu mtu aliyeanzisha desturi ya kufanya kazi namna ile, na nimefika mahali pa kuamini kwamba mvuto wa Rolls-Royce huelezwa vibaya. Tunaambiwa ni gari la matajiri. Wanunuzi ni matajiri, ndiyo. Lakini tabia ya gari lenyewe imetoka kwa mtoto maskini aliyekuja kuwa fundi umeme, mtu aliyechukia kelele kwa sababu alijua kelele ina maana gani.

Frederick Henry Royce alizaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na mji wa Peterborough, mashariki mwa Uingereza. Baba yake aliendesha kinu cha kusagia nafaka. Biashara ikamshinda, familia ikahamia London, na mwaka 1872 baba akafariki. Henry alikuwa na miaka 9. Aliuza magazeti, akapeleka telegramu nyumba kwa nyumba, na darasani alikaa kwa muda mfupi mno. Alipokuwa kijana wa miaka kama 15, shangazi yake alijitolea kumlipia uanagenzi, pauni 20 kwa mwaka, kwenye karakana za reli ya Great Northern huko Peterborough. Baada ya miaka mitatu hivi pesa za shangazi zikaisha, na uanagenzi ukakatika njiani.

Hapo husimama kidogo kila ninaposoma. Kijana anayetolewa karakanani kwa kukosa ada hubaki na kiu ambayo mwenye cheti haijui. Royce alikwenda Leeds, akapata kazi kwa watengenezaji wa zana kwa shilingi 11 kwa wiki, kisha akarudi London kwenye kampuni ya umeme. Umeme wakati ule ulikuwa fani changa, haukuuliza cheti. Uliuliza unaweza kufanya nini. Mwaka 1884, akiwa na miaka 21, yeye na mwenzake Ernest Claremont walifungua karakana yao kwenye mtaa wa Cooke Street, jijini Manchester. Walianza na vitu vidogo kabisa: vishikio vya taa, kengele za umeme za mlangoni. Baadaye wakahamia kwenye dainamo, yaani mashine za kuzalisha umeme, na kreni za umeme.

Dainamo zake ndizo zinazonifanya nimwite mwenzangu. Kwenye dainamo, brashi za kaboni husugua juu ya komuteta, pete ya shaba inayozunguka, na kazi ikiwa mbovu pale brashi inapogusa utaona cheche. Cheche hula shaba, hula kaboni, hupasha joto, na penye vumbi la kuwaka huleta moto. Dainamo za Royce zilipata sifa kwa kutotoa cheche. Ukitaka kumwelewa mtu yule, anzia hapo: aliona cheche kama fundi mzuri anavyosikia mlio wa beringi, kwamba ni nishati inayopotea huku ikilalamika.

Mwanzoni mwa karne ya 20 biashara ya kreni ilibanwa na washindani, na afya yake ilikuwa imedhoofika kwa kufanya kazi bila kukumbuka kula. Ndipo akanunua Decauville, gari la Kifaransa la silinda mbili lililokwishatumika. Lilikuwa gari zuri kwa wakati wake. Yeye akalifungua. Akaona mfumo wa kuwashia cheche ungeweza kuwa bora, kabureta ingeweza kuwa bora, gia zingeweza kushikana bila kupiga makelele, na mtikisiko wote ule haukuwa wa lazima. Akaamua kutengeneza magari matatu ya kwake. Tarehe 1 Aprili 1904 la kwanza lilitoka Cooke Street likaenda hadi nyumbani kwake Knutsford, umbali wa maili 15 hivi.

Ukiuangalia ule mchoro wa gari la kwanza hutakuta uvumbuzi wa kushangaza. Injini ya silinda mbili, nguvu za farasi 10, mpangilio uleule uliojulikana. Royce hakuwa mtu wa kubuni kitu ambacho dunia haijakiona. Alichukua kilichopo, akakisugua hadi kikaacha kulalamika. Wapo wanaolichukulia hilo kama upungufu. Mimi, niliyeishi kwa kutengeneza vitu vilivyobuniwa na wengine, naliona kuwa kipaji cha nadra kuliko kubuni.

Charles Stewart Rolls alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Alizaliwa mwaka 1877 kwenye mtaa wa Berkeley Square, London, mtoto wa familia ya kikabaila, baba yake akiwa Baron Llangattock. Alisoma shule ya Eton, kisha uhandisi huko Cambridge, na mwaka 1896, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa na Peugeot yake mwenyewe wakati Waingereza wengi hawajawahi kuona gari. Alishindana kwa magari, alipaa kwa baluni, na London alikuwa na duka la kuuza magari yaliyotoka Ufaransa na Ubelgiji. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa na gari la Kiingereza la kujivunia. Henry Edmunds, aliyewafahamu wote wawili, ndiye aliyewakutanisha tarehe 4 Mei 1904 katika hoteli ya Midland, Manchester.

Rolls hakuyapenda magari ya silinda mbili kwa sababu ya mtikisiko wake. Akapanda hilo la Royce. Walipomaliza alikuwa tayari kuuza kila gari ambalo Royce angeweza kulitengeneza, na makubaliano yakatiwa saini tarehe 23 Desemba mwaka huohuo: magari yangeitwa Rolls-Royce. Jina la tajiri likatangulia la fundi. Zamani hilo lilinikera. Sasa sioni tena ubaya wake, maana Rolls alifanya kitu ambacho wenye uwezo wengi hawakifanyi: alisikiliza gari badala ya kuangalia mwenye gari ametoka wapi.

Kati ya hao wawili alisimama Claude Johnson, mshirika wa Rolls, mtu aliyejua kupanga na kutangaza. Waingereza humwita kistari kilichounganisha majina hayo mawili, na ni haki yake. Kampuni ilipoundwa rasmi mwaka 1906, Royce alikuwa akipambana na tatizo gumu kuliko yote ya wakati ule, injini ya silinda sita. Kwa karatasi, silinda sita ni tulivu. Kwa vitendo, krankishafti ndefu, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hujisokota kama kamba kila silinda inapopiga, na ikifika kasi fulani hutetemeka hadi kuvunjika. Kwenye gari jipya la nguvu za farasi 40/50, lenye injini ya sentimita za ujazo 7,036, Royce aliweka silinda katika vifungu viwili vya tatutatu, akaifanya krankishafti iwe nene, akaishikilia kwa beringi kubwa saba, na oili ikasukumwa kwa mgandamizo hadi kwenye kila beringi. Ukimweleza hivyo fundi yeyote wa leo atatikisa kichwa kwa heshima.

Mwaka 1907 Johnson alichukua chesisi (fremu inayobeba gari) nambari 60551, akaipaka bodi rangi ya fedha, vyuma vya nje vikapakwa fedha halisi, akaipa jina Silver Ghost, yaani Mzuka wa Fedha, kwa jinsi lilivyopita bila kusikika. Namba yake ya usajili ilikuwa AX 201. Kisha akafanya jambo ambalo muuzaji mwoga asingelithubutu: akaliweka gari lile chini ya macho ya wakaguzi wa klabu ya magari ya kifalme, likakimbia kati ya London na Glasgow, usiku na mchana, likipumzika Jumapili tu, hadi likamaliza maili 15,000. Barabara za wakati ule zilikuwa za vumbi na mawe, na magari mengi yalishukuru kumaliza maili 100 bila kupasuka tairi.

Lilisimama bila kupangiwa mara moja. Baada ya maili 629, bomba la petroli lilijifunga lenyewe kwa mtikisiko wa barabara. Likafunguliwa, na kutoka hapo maili 14,371 zikapita bila gari kusimama kwa hitilafu. Lakini sehemu ninayoipenda zaidi inakuja baadaye. Wakaguzi walilifungua gari zima, wakapima kila kipande, wakaandika kila kilichopaswa kubadilishwa ili lirudi kuwa kama jipya. Gharama ya vipuri ilizidi kidogo pauni 2. Chuma kisichogombana na chuma mwenzake hakiliki. Ukimya wa gari lile na umri wake vilikuwa kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili.

Gari la 40/50 lilitengenezwa hadi miaka ya 1920, kwanza Manchester, kisha Derby kuanzia mwaka 1908, na baadaye pia Springfield, Massachusetts, nchini Marekani. Kiwandani lilitoka chesisi na injini tu. Mteja alilipeleka kwa mafundi wa bodi aliowachagua, kama Barker au Hooper, akashonewa bodi kama anavyoshonewa koti. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia chesisi hizohizo zilivalishwa mabamba ya chuma zikawa magari ya deraya, zikakimbia jangwani Arabuni. Lenin naye, adui wa mabepari, alisafiria Silver Ghost, na moja ya kwake, iliyofungwa mikanda ya kupitia kwenye theluji, imehifadhiwa huko Gorki, nje ya Moscow.

Rolls hakuyaona mengi ya hayo. Moyo wake ulikuwa umehamia angani. Juni 1910 alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kwa ndege mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa na kurudi bila kutua. Tarehe 12 Julai mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya ndege huko Bournemouth, mkia wa ndege yake aina ya Wright ulivunjika, akaanguka mbele ya watazamaji. Alikuwa na miaka 32, Mwingereza wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini.

Mwaka uliofuata sanamu ikapanda kwenye rejeta. Wamiliki walikuwa wameanza kuweka vinyago vyao wenyewe, vingine vya kuchekesha, na kampuni haikupendezwa. Mchongaji Charles Sykes akatengeneza mwanamke anayeinama mbele, nguo yake ikipeperuka kama mabawa. Inaitwa Spirit of Ecstasy, na inaaminiwa kwamba sura na umbo ni vya Eleanor Thornton, katibu wa Lord Montagu wa Beaulieu, na pia mpenzi wake. Kabla ya hapo Sykes alikuwa amemchongea Montagu sanamu yake ya binafsi, mwanamke aliyeweka kidole mdomoni. Hiyo iliitwa The Whisper, Mnong'ono. Tarehe 30 Desemba 1915 Eleanor na Montagu walikuwa safarini kuelekea India katika meli SS Persia ilipopigwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na kisiwa cha Krete. Montagu aliokolewa. Eleanor alizama. Kila ninapoiona sanamu ile mbele ya gari naikumbuka ile ya kwanza, ya kidole mdomoni, na nadhani ndiyo ingefaa zaidi.

Royce mwenyewe aliugua vibaya muda mfupi baada ya kifo cha Rolls, akafanyiwa upasuaji mkubwa, na madaktari hawakumpa muda mrefu. Aliishi zaidi ya miaka 20 mingine. Johnson ndiye aliyemwondoa kiwandani kwa upole. Wakati wa baridi Royce alikaa Le Canadel, kusini mwa Ufaransa, na nyakati nyingine pwani ya kusini mwa Uingereza, hatimaye West Wittering, akiwa na kikundi kidogo cha wachoraji. Michoro ilikwenda Derby, vipande vilivyotengenezwa vikaletwa kwake, akavirudisha na masahihisho. Kutoka kwenye meza hizo ndiko zilikotoka injini za ndege kama Eagle, iliyowavusha marubani Alcock na Brown juu ya Atlantiki mwaka 1919, na misingi ya kazi iliyokuja kuzaa Merlin, injini ya ndege ya kivita Spitfire katika vita vya pili. Mwaka 1930 alipewa cheo cha heshima cha baronet. Juu ya meko ya nyumba yake alikuwa na maneno ya Kilatini yaliyochongwa, yakimaanisha kwamba kila kilichofanywa sawasawa, hata kiwe duni namna gani, kina heshima yake. Alifariki tarehe 22 Aprili 1933. Aliendelea kujiita fundi mekanika hadi mwisho, na mimi siamini kwamba alikuwa akijishusha. Alikuwa akitaja cheo.

Magari ya miaka iliyofuata nitayapita upesi, ingawa kila moja lina wapenzi wake: Phantom III ya silinda 12 mwaka 1936, Phantom IV iliyotengenezwa 18 tu, kwa ajili ya wafalme na wakuu wa nchi, Silver Cloud ya mwaka 1955 yenye mistari ambayo bado inanifanya nigeuze shingo. Kuhusu Silver Cloud kuna tangazo la David Ogilvy la mwaka 1958 ambalo kila mtu wa matangazo hulisoma. Kichwa chake kilisema kwamba kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani ya Rolls-Royce mpya hutoka kwenye saa ya umeme.

Tangazo hilo husifiwa kwa sentensi ile moja. Mimi nilipolisoma lote nilisimama kwenye mstari mwingine chini yake, unaosema kwamba wakaguzi kiwandani husikiliza ekseli kwa stetoskopu ya daktari, wakitafuta mlio. Bisibisi sikioni! Nilicheka peke yangu kwa furaha. Huko Crewe, ambako magari yalitengenezwa tangu vita vilipoisha, kulikuwa na mtu anayelipwa mshahara kufanya kile nilichofundishwa nikiwa kijana nimefumba macho.

Silver Shadow, gari la yule mzee, ilitoka mwaka 1965, na ilikuwa hatua kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa mara ya kwanza bodi na chesisi vilikuwa kitu kimoja, breki zikawa za diski pande zote, na mfumo wa haidroliki uliotengenezwa kwa leseni ya Citroën ukawa unalisawazisha gari lisiiname. Kwa fundi umeme ni karamu: hata kuchagua gia hufanywa na mota ya umeme, ili mkono wa dereva usihisi fimbo ikigombana na vyuma. Kifuniko cha petroli hufunguka kwa kitufe. Vioo, viti, kila kitu kina mota yake iliyofichwa.

Kisha ikaja aibu. Tarehe 4 Februari 1971 Rolls-Royce ilitangazwa kuwa imefilisika. Magari hayakuwa na kosa. Kilichoizamisha ni injini ya ndege RB211, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege ya abiria Lockheed TriStar, ambayo gharama zake zilipaa kupita uwezo. Serikali ikaokoa upande wa ndege, upande wa magari ukatengwa, na mwaka 1980 ukaenda kwa kampuni ya Vickers. Mwaka 1998 Vickers wakauza, na hapo pakatokea mkanganyiko ambao wanasheria huusimulia hadi leo: Volkswagen walinunua kiwanda cha Crewe, sanamu na umbo la grili, lakini haki ya jina ilikuwa mikononi mwa kampuni ya injini za ndege, nayo ikaipa BMW. Mwenye mwili hakuwa na jina, mwenye jina hakuwa na mwili. Wakaelewana. Volkswagen wakabaki na Bentley, chapa nyingine iliyotengenezwa Crewe, na tarehe 1 Januari 2003, dakika chache baada ya saa sita usiku, Phantom ya kwanza ya enzi ya BMW ikakabidhiwa kwa mteja kutoka kiwanda kipya cha Goodwood, si mbali na West Wittering alikoishi Royce.

Wapo wanaosema Rolls-Royce ya Wajerumani si Rolls-Royce. Nilikuwa na wasiwasi huo pia, hadi nilipoanza kuangalia vitu vidogo. Kitovu cha rimu kina herufi mbili za R, na kimewekewa uzito ndani ili gari likitembea gurudumu lizunguke lakini herufi zibaki wima. Kwenye dashibodi hakuna geji ya mizunguko ya injini; kuna geji inayoonyesha ni nguvu kiasi gani bado haijatumika. Naipenda geji hiyo kuliko kitu kingine chochote kwenye magari ya kisasa. Magari mengine humwonyesha dereva jinsi injini inavyohangaika. Hili linamwonyesha akiba. Waswahili tulishasema debe tupu haliachi kuvuma, na hapo kuna debe lililojaa, na mtu akakaa akabuni mshale wa kuonyesha limejaa kiasi gani.

Wahandisi wa Ghost mpya, gari la kampuni hiyo la mwaka 2020, waliweka zaidi ya kilo 100 za vizuia sauti, kwenye milango, paa, tairi na sakafu. Wakagundua kwamba kukiwa kimya kupita kiasi, abiria huanza kujisikia vibaya. Ikawabidi kurudisha kidogo, mnong'ono mmoja wa chini, na kurekebisha vipande mbalimbali vya gari ili vyote vitoe mnong'ono wa aina ile ile. Nyota za taa kwenye dari sizihitaji. Wanunuzi huzipenda, na ni kazi ya mikono ya subira kubwa, lakini kwangu zinaongea mahali ambapo gari lote limefundishwa kunyamaza.

Mwaka 2022 walionyesha Spectre, gari lao la kwanza la umeme mtupu, lenye uzito wa karibu tani 3, na wateja wakaanza kulipokea mwaka 2023. Watu walipolalamika kwamba silinda 12 zimeuzwa kwa betri, nilimkumbuka Rolls. Mwaka 1900, kabla hajamjua Royce, alilisifu gari la umeme hadharani kwa kutokuwa na kelele wala harufu, akasema kikwazo chake ni vituo vya kuchajia. Naye Royce alianza na kengele za mlangoni. Kwangu Spectre ni gari lililorudi nyumbani kwa fundi wake, baada ya safari ya miaka zaidi ya 100 kupitia petroli. Na ugumu haujapungua hata kidogo. Injini ikiondoka, kila sauti iliyokuwa imejificha chini yake hutoka nje: tairi, upepo, mota ndogo ya kiti, rilei (swichi ya umeme) inayobofya. Ni kazi ya fundi umeme tena, mwanzo hadi mwisho.

Sasa nimrudie mzee. Nilibadilisha kaboni, nikasafisha komuteta, kioo kikapanda kwa mwendo mmoja hadi juu. Akafurahi kama mtoto, akakishusha na kukipandisha mara tatu. Kisha akawasha injini ili achaji betri, na tukasimama pembeni tukiongea. Sikuhitaji kupaza sauti.

Nikamwomba ruhusa. Nikafungua boneti, nikatoa bisibisi ndefu kwenye mkoba, nikaigusisha ncha kwenye injini, nikafumba macho. Mle ndani palikuwa na soko zima. Gia za kemshafti, shafti inayofungua vali, zikisaga, vali nane na nane zikipokezana, pampu mbili za haidroliki zikigonga kama moyo, oili ikipita, feni, alteneta ikiimba juu ya wote. Hakuna kilichokuwa kimelala. Nikaitoa bisibisi sikioni na dunia ikanyamaza, nikairudisha na soko likafunguka tena.

"Unasikia nini, fundi?" mzee akauliza.

Alikuwa amelimiliki gari lile miaka 30 na zaidi. Nikamshika mkono, nikamwonyesha pa kuweka ncha, nikamwekea kishikio nyuma ya sikio. Akafumba macho. Hakusema kitu kwa muda mrefu.